Usiwaite Wakaidi Walioacha Darasa la Sukari

Sauda mwanangu,

Umekwenda Busiu kumuaga senga wako, dada wa baba yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujala. Mimi nimebaki hapa dukani na karatasi hizi juu ya meza ya cherehani. Nikisubiri urudi tuzungumze nitapandisha sauti, na majirani watasema Mama Sauda kamfukuza mtoto wake. Bora niandike. Utasoma ukiwa umeshafika Jinja, umeshaoga, umetulia.

Habari ya neti ya mbu na maji ya kuchemsha sitakuambia. Wewe ni nesi, unayajua hayo kuliko mimi. Sitakuambia uswali, maana hilo nilikufundisha ukiwa mdogo, na kama halikuingia wakati ule haliwezi kuingia kwa barua. Nguo zako nimezipiga pasi, zimo sandukuni. Hayo yameisha.

Nina hasira nawe. Jana niliinuka na sahani yangu kabla sijamaliza kula, ukadhani ni uchungu wa kuagana. Uchungu upo, lakini si huo ulioniinua. Jirani alikuuliza unakwenda kufanya kazi gani Jinja, nawe ukamjibu kwamba unakwenda kufundisha wagonjwa wa sukari namna ya kujitunza. Mpaka hapo nilikuwa nasikiliza kwa fahari. Kisha ukasema kazi yenyewe ngumu kwa sababu watu ni wakaidi, unawafundisha leo, wiki ijayo hawaonekani. Ukacheka. Jirani naye akacheka.

Neno hilo nililisikia kwenye msiba wa baba yako. Alilisema mtu mwenye koti jeupe kama lile ulilonionyesha juzi, likiwa bado kwenye mfuko wake. Unajua baba yako alikatwa mguu, unajua alikufa. Kilichotangulia hukijui, kwa sababu ulikuwa shule ya bweni Tororo, na ulipokuja likizo sisi wakubwa tulikunyamazia. Kunyamaza kwetu ndiko kulikokufanya ucheke jana. Kwa hilo nina hasira na mimi mwenyewe, lakini si nyingi kama niliyonayo kwa wengine. Sasa nisikilize.

Baba yako alikuwa fundi wa springi za malori pale upande wa viwandani. Unamkumbuka mtu mkimya anayekaa kwenye kiti cha kamba. Mimi niliolewa na baba yako huyo huyo akiwa mtu mwingine. Nilipotoka kwetu Bugembe kuja Mbale kama bibi harusi, nilimkuta mwanamume wa mzaha mwingi. Madereva walimletea lori bovu na kichekesho kipya, na hakuna aliyejua ni kipi hasa kilichowaleta.

Vita vilipokaribia, wanajeshi wa serikali iliyokuwa inaanguka walipita hapa wakikimbia. Walitaka magari. Wakamkusanya baba yako na mafundi wenzake wawatengenezee malori. Lori moja likakataa kuwaka, wakasema fundi ameliharibu makusudi. Wakampeleka kwenye ghala la pamba, lile refu lililo ng'ambo ya reli, ambako walikuwa wamewafungia wanaume wengine wa mji. Wewe ulikuwa tumboni.

Kila asubuhi waliwatoa nje, wakawapanga mstari na kuwaamuru kwa Kiswahili wavue viatu. Aliyeitwa jina alipelekwa nyuma ya ghala, viatu vyake vikabaki pale pale mstarini. Baba yako alivua viatu kila asubuhi akingoja jina lake. Halikuitwa. Asubuhi moja hakuja mlinzi yeyote. Walikuwa wamekimbia. Wanaume wakauvunja mlango, kila mmoja akashika njia yake. Alifika nyumbani peku, nyayo zimechanika, akanawa, akalala mpaka nikaanza kuogopa.

Mimi wakati ule sikuyajua haya. Nilijua alifungwa, basi. Hakuniambia wapi wala alifanywa nini, na katika siku zile mke hakumchimba mumewe. Wakaja wakombozi, nao wanajeshi, nao wanazungumza Kiswahili. Baadaye wakaja wengine, na wengine tena, na kila serikali ilikuwa na vizuizi vyake barabarani na amri zake. Sisi Waislamu wa mjini Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ndicho nilichokulea nacho, ndicho ninachokuandikia. Lakini kwa Wagisu na Wasoga wengi walioipitia miaka ile, Kiswahili ni sauti ya mtu mwenye bunduki anayekuambia ukae chini. Usilisahau hilo utakapofungua mdomo huko Jinja.

Kisha tukapata utulivu. Maduka yakafunguliwa, sukari ikarudi sokoni, nawe ukaenda Tororo kusoma. Na baba yako akaanza kukonda. Alikunywa maji kama ng'ombe, akaamka kila mara kwenda msalani, macho yakaanza kumsumbua asione springi aliyoishika. Tukaenda hospitali, wakampima, wakasema ni ugonjwa wa sukari. Wakampa vidonge, wakamwambia aende kwenye darasa la kujifunza kujitunza, kwa kuwa ugonjwa huu, walisema, mgonjwa ndiye daktari wake mkubwa. Maneno mazuri. Nilifurahi. Nilimshonea shati jipya la kuendea.

Hospitali haikuwa na nafasi. Mabati ya jengo moja yalikuwa yamechukuliwa wakati wa vita na hayajarudishwa. Kwa hiyo mradi wa wafadhili ulikuwa umepewa jengo jingine ukalikarabati, ukapaka rangi nyeupe juu na buluu chini, ukatia madirisha na mabenchi. Lilikuwa ghala la pamba.

Mama Nekesa alikuwamo ndani siku baba yako alipokwenda darasani. Unamjua tangu utoto, yule Mkenya wa Bungoma anayeuza vitunguu sokoni. Naye ana sukari, na alikuwa ameanza darasa kabla ya baba yako. Ndiye aliyenisimulia. Anasema baba yako aliingia akakaa benchi la karibu na mlango. Sista, yule nesi aliyekuwa akifundisha, alitoka mbali na hapa. Baba yake alikuwa askari, amekulia kambini, na Kiswahili alichokuwa nacho ni kile cha kambini, hana kingine. Siku hiyo somo lilikuwa la kutunza miguu. Sista akasimama mbele akasema, "Nyinyi wazee, simama mstari. Toa viatu."

Alikuwa sahihi, Sauda. Vitabu vyako vitasema alikuwa sahihi. Mgonjwa wa sukari lazima aangaliwe miguu. Mama Nekesa anasema baba yako alisimama, akainama, akashika kamba za viatu, na mikono ikamgoma. Jasho likamtoka, shati langu jipya likalowa mgongoni. Sista akamwambia mbele ya watu aache kuchelewesha wenzake, mtu mzima anaona haya ya miguu yake mwenyewe. Watu wakacheka kidogo. Baba yako akatoka nje na hakurudi.

Nilimsema wiki nzima. Nilimwita mtoto, na nilimwita hivyo mbele ya senga wako. Nilimwambia wanawake wanakaa darasani mpaka mwisho, yeye mwanamume anakimbia maneno ya sista. Alininyamazia mpaka mchana mmoja tuko bombani, mimi namshikia ndoo, ananawa grisi mikononi. Akasema, "Mama Sauda, lile ni ghala la pamba." Nikamwambia najua lilikuwa ghala. Akaendelea kunawa, kisha akasema, "Mimi nilivua viatu pale."

Ndipo akaniambia hayo niliyokuandikia juu. Alisema yote kwa mara moja, maji yakimwagika, sikukumbuka kuufunga mfereji. Akataja majina ya waliopelekwa nyuma. Mmoja ni wa familia tuliyonunua kwao maziwa miaka yote ile.

Kesho yake nilivaa vizuri nikaenda kwa mkubwa wa kliniki. Alinipokea kwa heshima, akaniagizia soda, ndani ya kliniki ya sukari. Nikamweleza. Nikamwambia si mume wangu peke yake, wanaume wa upande ule wote wanalijua ghala lile, ndiyo maana darasa limejaa wanawake na wachuuzi kutoka Kenya. Nikamwomba darasa lihamishwe, hata likae chini ya turubai. Alinisikiliza mpaka mwisho akiigusagusa kalamu yake. Kisha akasema, "Mama, vita vilikwisha zamani. Na sisi tumepaka rangi."

Tumepaka rangi. Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii, na kila nikiyakumbuka kichwa kinaniuma upande mmoja. Mtu huyo hakuwa mbaya. Alisoma, alifanya kazi mpaka jioni, hakula rushwa niliyowahi kuisikia. Lakini alikuwa na jengo na ripoti ya kuandika, na katika ripoti yake ilikuwa rahisi zaidi wanaume wa Mbale kuwa watu wasiojali afya zao kuliko jengo kuwa na kosa. Hakuna aliyetoka pale kwenda kumuuliza hata mmoja wao. Na wanaume nao wasingesema, maana walioulizwa maswali na serikali katika nchi hii walijifunza kujibu "ndiyo, afande" na kuondoka.

Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja sokoni kwa Mama Nekesa, nikakaa juu ya gunia la vitunguu nikalia kwa hasira. Akaniacha nilie. Kisha akaniambia kwamba yeye pia anafikiria kuacha. Darasa lilikuwa siku ya gulio, na siku hiyo ndiyo anayouzia. Na walichofundishwa kula, samaki, maziwa yaliyotolewa mafuta, matunda ya aina aina, akipika hivyo atakula peke yake na watoto wamtazame. Nikamuuliza kwa nini hakusema darasani. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Sisi wawili ndio tulioanzisha darasa jingine, mwanangu, na nakuambia kwa kuwa hakuna ripoti itakayokuambia. Kulikuwa na musawo kijana, tabibu wa pale kliniki, anaitwa Wafula, ambaye alinikimbilia barabarani siku niliyokunywa ile soda akasema amesikia na ameona aibu. Tukamwendea. Akakubali kuja Alhamisi alasiri, akishatoka kazini, uwanjani kwenye gereji ya baba yako. Watu wakae juu ya matairi na springi mbovu, na anayetaka kuendelea na kazi aendelee huku anasikiliza.

Siku ya kwanza walikuja wachache, wakasimama pembeni wamekunja mikono. Wafula hakuwafundisha kitu. Aliwasalimia kwa lugha yao, mulembe, akauliza asubuhi hii wamekula nini. Mmoja akasema chai na mandazi, kwa sababu ndicho anachouza mama wa karibu. Mwingine akasema posho, ugali wa jana. Wafula akauliza posho kiasi gani, yule akaumba kwa mikono, mwenzake akasema anadanganya, ikaanza kelele. Wiki ya pili wake walikuja, nilipita mimi nyumba kwa nyumba kuwaita, kwa kuwa mwanamume anaweza kufundishwa mpaka achoke lakini jikoni yupo mwingine. Tukaleta vyakula vyetu wenyewe. Tulibishana juu ya matoke, juu ya muhogo, juu ya chai. Waliposikia kwamba malewa wanaweza kula, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, mzee mmoja alipiga makofi kama amepewa shamba. Dereva mmoja akaeleza alivyotetemeka na kuona giza akiwa barabarani, akiwa amemeza vidonge bila kula, na Wafula akawaeleza sukari inaposhuka mtu afanye nini. Tangu siku hiyo kila dereva alitembea na kitu kitamu mfukoni.

Asiyeonekana wiki moja, mmoja wetu alipita kwake akielekea nyumbani. Mama Nekesa ndiye aliyelianzisha hilo. Hakuuliza mbona hukuja. Alisalimu, akaacha vitunguu viwili vitatu, akasema tulikukosa, akaenda zake. Wiki iliyofuata mtu alikuja.

Na Alhamisi moja Wafula akazungumza juu ya miguu. Alieleza tu. Alisema sukari inaua hisia za nyayo, mtu anaumia bila kujua, na kidonda kidogo kinaweza kumpeleka mbali. Hakumwambia yeyote avue chochote. Nilikuwa nimesimama karibu na lango na niliwaona wanaume wale, vichwa chini, kila mmoja anatazama viatu vyake. Baba yako alikuwa amekaa juu ya rundo la springi. Akainama. Akavua kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akaviweka kando mwenyewe, akamnyooshea Wafula mguu. Mtu mwingine akafuata, na mwingine. Kwenye unyayo wa baba yako kulikuwa na kipande cha chuma kimezama, nyama imeanza kugeuka rangi, na alikuwa hana habari. Wafula akakitoa, akakisafisha kile kidonda. Baba yako akakishika kile kichuma kwenye vidole, akacheka, akasema, "Kumbe nimetembea na lori zima."

Nilikuwa sijausikia mzaha wake tangu ukiwa tumboni.

Kidonda kilipona. Alinenepa. Macho yakatulia. Wewe uliporudi likizo ile ulisema baba amekuwa kijana, unakumbuka? Ni darasa lile.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, na nitajitahidi mwandiko usiharibike. Habari za gereji ziliwafikia wenye mradi. Walikuja na gari, wakapiga picha, wakatusifu. Mkubwa wa kliniki alikuja nao akatabasamu kwenye picha. Baada ya muda wakasema kitu kizuri namna hii hakiwezi kukaa kwenye oili na vumbi, kinastahili mahali penye hadhi. Wakalirudisha darasa kule ghalani. Wafula akahamishiwa kituo kingine, mbali, milimani. Na ili watu wasiache tena, wakaweka sheria kwamba asiyehudhuria darasa hapewi vidonge.

Wewe utaambiwa sheria kama hiyo inasaidia. Labda kuna mahali inasaidia. Nakuambia ilivyokuwa hapa. Nilikwenda tena kwa mkubwa wa kliniki, safari hii na wake wa mafundi wote, nikazungumza mpaka sauti ikakauka. Akasema uamuzi umetoka juu. Baba yako alijaribu. Alivaa, tukaenda pamoja mpaka uzio, akashika ile seng'enge, akasimama. Nilimwona anavyopumua. Nikamwambia turudi nyumbani. Sikumwita mtoto tena.

Basi hakupata vidonge vya kliniki. Alinunua madukani tulipoweza, na mara nyingine dukani havikuwapo, na mara nyingine alikunywa majani aliyopewa na watu. Yale aliyojifunza gereji aliyashika mpaka mwisho, chakula chake, miguu yake, kila jioni alininyooshea nimwangalie. Lakini bila dawa mwili ulimshinda. Kipande cha chuma cha moto kilimdondokea kwenye kidole cha mguu, kikaunguza, hakusikia. Tulikiona kidonda jioni ile ile, tukakisafisha kama tulivyofundishwa. Hakikupona. Kikapanda. Hospitali wakamkata mguu chini ya goti, kisha akapata homa, nasi tukakutumia mtu Tororo aje akuchukue.

Msibani alikuja mkubwa wa kliniki. Alikaa na wanaume, akala. Alipokuja kunipa pole akaniambia alimheshimu sana marehemu, na inasikitisha, kwa kuwa walimwambia mara nyingi lakini alikuwa mkaidi. Nikamwambia, "Ondoka kwenye msiba wangu." Senga wako alinishika mkono. Nikarudia tena kwa sauti, watu wote wakasikia, na akaondoka. Hilo sijalijutia hata siku moja.

Huko Jinja wamekupa nini cha kufundishia? Ukumbi gani? Jinja nayo ina majengo yake, Sauda, na ina mto ambamo maiti zilitupwa miaka ile, ambao watu wa umri wangu hawapendi kuusimulia. Mimi nimekulia Bugembe, nayajua. Kabla hujapanga viti, muulize anayefagia pale na muulize mama anayeuza nje ya lango, jengo hili lilikuwa la nini. Ukiambiwa kitu, usimwambie mtu kwamba zamani zimepita. Hamisha viti. Wakikukatalia, gombana nao. Ukishindwa, tafuta gereji yako.

Wasalimie kwa Kisoga, hata kama unakosea. Kosea, wakucheke, itakusaidia. Mwezi wa Ramadhani utaona Waislamu wanapotea darasani, kwa sababu wanaogopa utawakataza kufunga mbele ya watu. Wafuate kabla, mmoja mmoja, uwaulize wanapangaje, uwaambie hatari yenyewe bila kuwatisha, na umlete sheikh naye aseme kwamba mgonjwa ana ruhusa. Na mtu asipoonekana, usimtafutie jina la kumwita. Mtafute mwenyewe.

Nimebakiza jambo moja na ndilo gumu kuandika.

Mimi nina sukari. Nilipimwa kabla ya mvua za mwaka huu. Nilikwenda darasani mara moja, jengo ni jipya, halina historia yoyote. Nesi wa pale ni wa umri wako. Aliniita "wewe bibi" na kuniuliza mbele ya watu ninakula nini jioni nikiwa peke yangu. Nikafikiria jioni zangu, wewe ukiwa zamu, mimi na sufuria moja. Nikachukua mkoba wangu nikarudi nyumbani, na siku hiyo hiyo ukanikuta nakata muhogo ukanipita kwenda kulala. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uone. Umesomea ugonjwa huu. Umelala nyumba moja nami tangu mvua zile, umeniona ninavyokunywa maji, ninavyokonda, ulinisaidia kupunguza gauni zangu mbili kwenye cherehani hii hii ukasema zinanipendeza. Nimekulaumu kimyakimya, na leo nakulaumu kwa maandishi. Nakupenda, lakini hilo halifuti.

Juzi Mama Nekesa alipita hapa. Alisimama mlangoni na vitunguu vyake, akasema walinikosa. Hakuuliza kitu. Jumatano nitakwenda naye. Nesi akiniita "wewe bibi" tena, Mama Nekesa amesema yeye ndiye atakayemjibu, na mimi nikae nisikilize, kwa kuwa yale mengine anayofundisha yule binti ni ya kweli na nayahitaji.

Nasikia sauti yako nje, unamsalimia jirani. Nakunja karatasi. Ukiingia nitachemsha chai, nimimine vikombe viwili, changu nisitie sukari, na nitakaa mbele yako nikinywe polepole. Ukiniuliza kwa nini, nitakujibu, na barua hii nitaichana. Usipouliza, nitaitia sandukuni kati ya nguo zako, nawe utaisoma Jinja.

Mama yako